Kikohozi cha Kona ya Tangi

Tangu lilipoinuliwa, gari lile lilikuwa likiandika uongo vumbini. Gari likienda moja kwa moja huacha mistari miwili tu, kwa kuwa gurudumu la nyuma hupita palepale lilipopita la mbele. Hili liliacha mistari yenye ukingo wa ziada upande wa kushoto, wa upana wa kidole, kana kwamba gari jingine lilikuwa likilifuata karibu sana na kimyakimya. Mshonaji aliliona hilo mapema, maana jicho la mshonaji halilali mbele ya pindo lililopinda. Lakini siku hizo mumewe alikuwa hai, gari lilikuwa lake, naye hakuwa mtu wa kuambiwa jinsi ya kulea mwana aliyemzaa mwenyewe.

Mume alikuwa fundi wa pampu za visima. Kazi ilimpeleka kwenye njia ambazo zilikuwa njia kwa jina tu, na gari lilikuwa likiburuza tumbo juu ya mawe mpaka akachoka kulisikia likilia. Akamwendea rafiki yake mwenye gereji nyuma ya ghala la mbao, mtu mrefu, mkavu, aliyekuwa na mazoea ya kupima hata visivyohitaji kupimwa, na ambaye mji mzima ulimwita Milimita. Wakafunga springi ndefu. Gari likapanda juu, likawa na miguu kama ndama. Milimita akamwambia asubiri: springi zikirefuka, ile fimbo ya chuma inayoizuia ekseli ya nyuma isihame pembeni lazima nayo irefuke, na fimbo ndefu ilikuwa bado haijafika. Rafiki yake akamjibu kwamba subira huvuta heri lakini haivuti gari, akaondoka nalo hivyohivyo. Wakanuniana. Kila mmoja akakaa akimsubiri mwenzake aanze kusema, na kabla yeyote hajaanza, fundi pampu akafa.

Alifia ndani ya gari, mchana, kwenye barabara ya changarawe iendayo kliniki, mbele kidogo ya kona inayolizunguka tangi la maji. Moyo, daktari alisema, na hapakuwa na sababu ya kumbishia. Waliomkuta walieleza mambo yaleyale: gari lilisimama vizuri pembeni mwa barabara, gia ilikuwa huru, breki ya mkono ilikuwa imevutwa, na taa ya ishara ya kushoto ilikuwa ikipepesa. Mshonaji aliyahifadhi mambo hayo kama alivyohifadhi vipimo vya wateja, bila kuyaongezea wala kuyapunguza.

Yeye aliinuka matanga yalipokwisha, akarudi kwenye cherehani. Mama mkwe hakuinuka. Bibi huyo, ambaye zamani ungemsikia akicheka tangu njiani, alikaa kwenye kitanda chake akitazama ukuta, akila kama anayeonja chumvi tu. Vidonge vya shinikizo la damu vilipomwishia, mshonaji alimwambia, "Mama, leo twende kliniki."

"Nenda wewe," mama akasema. "Uwasalimie."

Ilibidi amvalishe kama mtoto. Kiti cha mbele mama hakukitaka. Alisema kilikuwa karibu mno na kile kingine, cha dereva. Akakaa nyuma, upande wa kushoto, mkoba mapajani, na hakusema neno mpaka kona ya tangi.

Kona hiyo inakata kulia, na katikati imebonyea pale maji ya tangi yanapovuja na kuvuka barabara. Gari liliingia kwenye bonde lile dogo, likainama kushoto, na kutoka nyuma ikaja sauti: fupi, kavu, yenye mkwaruzo mwishoni. Mshonaji aliitambua kabla hajaifikiria. Mumewe hakuwahi kupiga hodi nyumbani kwa mama yake. Alikuwa akifika mlangoni, anakohoa kidogo, mara moja, na mama, hata awe jikoni ameupa mlango mgongo, hujibu kabla salamu yenyewe haijatoka. Ulikuwa utani wao wa miaka mingi, na wakwe wengine walikuwa wakiucheka.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema kutoka kiti cha nyuma.

Mshonaji alikaribia kuwatumbukiza wote mtaroni.

Jioni ile mama alikula, akaomba aongezewe. Tangu hapo hakukosa kliniki. Siku nyingine alikwenda hata bila sababu, akidai kwamba muuguzi mmoja alikuwa hajampima mkono wa pili. Walipofika konani gari hukohoa, naye hujibu, na njia nzima iliyobaki huongea: huyu kajenga, yule kaoza jino, wale wameachana tena. Alimwagiza mkwewe amshonee gauni jipya. "La safari," alisema. "Siwezi kuonekana na matambara kila siku pale konani."

Jambo ambalo mshonaji hakumwambia mtu ni kwamba kwake yeye gari halikukohoa. Alipita kona ile peke yake akienda kununua uzi, akapita akirudi. Alipunguza mwendo, akazima redio, akafungua vioo vyote. Alisikia changarawe, maji chini ya matairi, injini. Siku moja aligeuza gari mbele ya tangi, akarudia, akarudia tena, mpaka mlinzi wa tangi akatoka kibandani kuuliza kama amepoteza kitu. Akasema hapana. Akaenda nyumbani akafanya kazi kwa hasira, akavunja sindano. Alikuwa mtu asiyeamini mizimu, na sasa alijikuta katika aibu ya kumwonea mtu wivu kwa mzimu. Miaka yote ile amekula naye, amelala naye, amemfulia ovaroli za grisi, na bado anayesalimiwa ni mama.

Kilichompeleka gereji ni tairi. Aliona ukingo wa nje wa tairi la nyuma kushoto umeliwa mpaka nyuzi zinachungulia, akadhani ni mawe. Milimita alimpokea kwa heshima yenye uzito, kama watu wanaokutana tena baada ya msiba. Kisha akachutama mbele ya tairi, akapitisha kidole, na uso wake ukarudi kazini.

"Shemeji, tairi jipya nitakuuzia, lakini litaliwa na hili hili."

"Na nini?"

"Madigadi. Tazama." Alimwonyesha mdomo wa chuma juu ya gurudumu, uliokuwa uking'aa kama kisu kilichonolewa. "Ekseli yako yote imehamia kushoto. Gurudumu la kushoto limetoka nje, la kulia limeingia ndani. Gari likiinama huku, mdomo unagusa tairi. Nilimwambia."

"Najua ulimwambia."

Ukutani nyuma ya Milimita, kati ya mikanda ya injini, ilining'inia fimbo ya chuma iliyofungwa karatasi, mpya, haijaguswa. Mshonaji akaitazama, naye akaona anavyoitazama.

"Ilifika wiki tuliyozika," akasema. "Sikujua nimpe nani."

Mshonaji hakukusudia kusema lolote, lakini gereji ilikuwa tupu na mtu yule alikuwa wa vipimo, si wa umbea. Akamweleza kuhusu kona, kikohozi na marahaba. Akamweleza pia, akiangalia sakafu, kwamba yeye mwenyewe hasalimiwi.

Milimita hakucheka wala hakutikisa kichwa. Aliuliza tu, "Mama anakaa wapi?"

"Nyuma kushoto."

"Na ukiwa peke yako, pale pana nini?"

"Hamna kitu."

"Una chaki?"

Chaki ya kitambaa haikosi katika mfuko wa mshonaji. Milimita akaipaka kwenye mdomo wa madigadi, nyeupe, mwanzo hadi mwisho, akajifuta mikono, akapanda nyuma kushoto. Magoti yake yalifika kidevuni. "Twende. Mwendo uleule wa siku zote."

Walipita kona. Gari halikusema kitu. Walishuka kutazama: chaki ilikuwa kamili. Mshonaji akahisi furaha mbaya ikimpanda, furaha ya mtu ambaye hesabu imegoma. Kwa hiyo si tairi.

"Ngoja," Milimita akasema. "Mama akifika hapa anafanya nini? Usiniambie anachosema. Anachofanya."

Ilimbidi afikiri, kwa sababu macho yake siku zote yalikuwa barabarani. Kwenye kioo kidogo cha kutazamia nyuma alikuwa akiona kitambaa cha kichwa cha mama kikiondoka katikati na kupotea. "Anachungulia," akasema. "Anasogea mpaka kwenye kioo cha mlango, anachungulia pale mbele, pale… alipokutwa."

"Kabla ya kikohozi, au baada?"

Aliufungua mdomo ajibu kwamba baada, kisha akaufunga. Kitambaa kilikuwa kikipotea kwanza.

Walirudia. Walipozama kwenye bonde, Milimita akajitupa kushoto, akabandika paji la uso kwenye kioo, na gari likakohoa.

Lilikohoa vizuri kabisa, mkwaruzo wake mwishoni. Mshonaji akasimamisha gari. Kwenye kiti cha nyuma Milimita alikaa amejikunja, mikono imeshika magoti, na rangi ilikuwa imemtoka mtu yule aliyejua sababu yote kabla ya kupanda.

"Huyu mtu," akasema mwishowe, "tulikuwa hatusalimiani tangu zile springi. Leo ameanza yeye."

Akacheka kidogo, kicheko kikakwama. Walishuka. Kwenye mdomo wa madigadi chaki ilikuwa imefutika sehemu moja, urefu wa kiganja, na mahali pake palikuwa na weusi mbichi wa mpira.

"Alikuwa akibeba mabomba na pampu upande huu," Milimita akasema. "Kwa hiyo alikuwa akiisikia kila siku, sehemu nyingi, si hapa tu."

"Hakuniambia."

"Wala mimi. Angeniambia vipi?"

Mshonaji alisimama akilitazama pengo lile kwenye chaki. Sasa alijua kila kitu, na kujua kulikuwa kama kuvuliwa nguo kwenye baridi. Mumewe hakuwa amembagua. Mumewe hakuwa amemsalimia mtu yeyote. Mama mzee alikuwa akiinama kumtafuta mwanawe, na kule kuinama ndiko kulikolifanya gari limjibu.

"Liache," akasema.

"Shemeji."

"Liache hivyohivyo. Tia tairi jipya, likiliwa nitanunua jingine. Kile kikohozi ndicho kinachomlisha yule bibi. Ukikiondoa, utaniulia mtu."

"Nisipokiondoa nitakuulia mtu," Milimita akasema, bila kupandisha sauti. "Tairi hupasukia pale linapoliwa. Linapoliwa ni hapa, konani, gari limeinama, yeye kajibanza kwenye mlango uleule, juu ya gurudumu lilelile. Jipya litakuchukua muda kidogo zaidi, basi. Mimi nilishakaa kimya mara moja juu ya ekseli hii."

Walirudi gereji, Milimita akafunga tairi la akiba, akamwambia amlete mama kesho, akae ndani ya gari.

"Mama wa nini?"

"Ekseli hainyooshwi ikiwa inaning'inia hewani, wala gari likiwa tupu. Ukikaza bolti vile, likibeba mtu linapinda tena. Linyooshwe limesimama kwa miguu yake, na mzigo wake wa kila siku umekaa pale pale."

Hilo mshonaji alilielewa kuliko alivyotaka. Bega la kushoto la mama lilikuwa chini kuliko la kulia tangu alipoanguka kisimani akiwa msichana, na kila nguo yake ilikatwa kwa kupindwa ili mwilini ikae sawa. Ukiitandika mezani inaonekana kosa. Nguo hunyooshwa juu ya mwenye nguo.

Nyumbani alimkuta mama amesimama mbele ya kioo cha kabati, gauni jipya limebanwa kwa pini. Mshonaji akapiga magoti kumalizia pindo. Kutoka pale chini akaanza.

"Mama, ile sauti ya konani…"

"Ina nini?"

"Nilikuwa nataka tuizungumze."

"Ile haizungumzwi," mama akasema, akijigeuza kuona mgongo. "Ile inajibiwa. Pindo hilo nalo, mbona unanichoma?"

Mshonaji akatoa pini midomoni, moja baada ya moja. "Kesho gari linakwenda gereji. Milimita anakuhitaji ukae ndani."

"Mimi? Nimekuwa jiwe la mizani?"

"Anasema gari linanyooshwa na mzigo wake."

"Huyo ndiye aliyenifanya nipande gari kama napanda dari, na leo ananiita mzigo." Lakini alionekana kufurahi kwamba mahali fulani alihitajika kwa uzito wake.

Gereji ya Milimita ilikuwa na shimo la kusimama chini ya gari, lenye kingo za saruji na ngazi ya chuma. Gari likaegeshwa juu yake. Mama, katika gauni la safari, akapandishwa mahali pake na mkoba wake. Alipochungulia akamwona Milimita akishuka shimoni, mpaka kichwa kikazama.

"Shikamoo, mama," shimo likasema.

"Marahaba. Hilo shimo umelipima vizuri?"

"Nimelipima, mama."

"Mbona umelichimba kama la mtu?"

Mshonaji akashuka shimoni pia, ashike taa na timazi. Chini kulikuwa na harufu ya grisi na udongo. Aliona tumbo lote la gari: ekseli nene kama bomba la kisima, na juu yake, kwa mshazari, fimbo fupi ya zamani, upande wa kushoto imeshikwa na fremu ya chuma, upande wa kulia imeishika ekseli. Hata yeye aliona ilivyokuwa ikivuta. Gari lilipoinuliwa, fimbo ilisimama wima zaidi, upana ilioufikia ukapungua, nayo ikaiburuta ekseli kushoto kama mtoto anayemvuta mzazi pindo la nguo.

Alitoa futi yake ya kitambaa, akaanza kupima kutoka madigadi hadi tairi. Milimita akamshika mkono.

"Hapana. Madigadi ni nguo. Ilishagongwa, ikanyooshwa kwa nyundo, inasema inavyotaka. Pima kwenye fremu. Fremu ni mfupa. Na hiyo futi yako imevutwa na viuno vya mji mzima, kaa nayo." Akampa ya chuma.

Uzi wa timazi ukaning'inizwa kutoka fremu, kushoto na kulia. Tofauti ilikuwa wazi hata kabla ya kusoma namba. Milimita akalegeza nati zilizokuwa na kutu. Ya kwanza ilipoachia, ililia mlio mrefu uliopanda kwenye chuma chote hadi juu.

"Milimita," sauti ya mama ikashuka kupitia sakafu ya gari, ndogo, kama inatoka chumba cha pili.

"Naam, mama."

"Gari hili hukohoa kidogo likifika tangini. Umeambiwa?"

Spana ikasimama. "Nimeambiwa."

"Usilitibu sana."

Mshonaji aliangalia taa mkononi mwake. Ilikuwa ikitikisika, na vivuli vya springi vikitikisika kwenye kuta za shimo, vikirefuka na kufupika, na kwa muda kidogo ilionekana kama wako wengi mle ndani. Milimita hakuangalia juu.

"Nalinyoosha tu, mama," akasema.

"Daktari naye alisema hivyo juu ya mwanangu. Namnyoosha tu."

Fimbo ya zamani ikatoka. Kwa kuwa gari lilisimama kwa uzito wake, na mama juu yake, ekseli ilipoachwa huru ilisogea yenyewe, kidogo, kulia, kwa mlio wa chini kama pumzi. Ilikuwa mpira wa bushi kwenye viungio vya ekseli ukijikunjua. Milimita alisema hivyo kabla hajaulizwa. Kisha akaifungua fimbo mpya kutoka kwenye karatasi. Ilikuwa na uzi wa kuzungusha upande mmoja, wa kuirefusha na kuifupisha. Akaifunga legelege, akazungusha. Mshonaji akasoma namba za kushoto, akasoma za kulia. Akazungusha tena. Kushoto zilishuka, kulia zikapanda, mpaka zikakutana. Milimita hakumwamini, akatoka shimoni, akalisukuma gari mbele na nyuma ili litulie, akarudi, akapima mwenyewe. Ndipo akakaza.

Alipokaza bolti ya mwisho aliacha kiganja juu ya fimbo kwa muda kuliko kazi ilivyohitaji.

"Tayari?" mama akauliza kutoka juu.

"Tayari, mama."

"Sijasikia tofauti."

Siku ya kliniki mama aliamka mapema, akajipaka mafuta, akavaa gauni. Mabega yalikaa sawa kabisa, mtu asingejua. Milimita alikuwa amejitolea kuja nao, mshonaji akakataa. Njiani mama alikuwa kimya, kama alivyokuwa kila mara kabla ya kona, kimya cha mtu anayekaribia mlango. Gari lilikuwa jepesi mkononi. Nyuma haikuyumba tena kwenye mashimo, na mshonaji alichukia jinsi lilivyokuwa zuri.

Tangi likatokea. Alishika mwendo uleule. Kona ikakata kulia, barabara ikabonyea, maji yakaruka chini ya matairi, na kwenye kioo kidogo kitambaa cha kichwa kikaondoka katikati na kupotea.

Changarawe. Maji. Injini.

Kitambaa hakikurudi. Mama alibaki ameegemea kioo, shingo mbele, mpaka kona ikaisha na barabara ikanyooka. Mshonaji alifikiri jambo moja ambalo baadaye alilikumbuka kwa hofu: kwamba angeweza kukohoa yeye. Ilikuwa rahisi. Kikohozi kifupi kikavu, kichwa kimegeukia dirishani. Koo lake lilijiandaa. Akalizuia.

"Simama," mama akasema.

Mshonaji akawasha ishara ya kushoto. Akatoka pembeni mwa barabara, akatoa gia, akavuta breki ya mkono. Ni hapo tu, mkono ukiwa bado juu ya breki, alipotambua kwamba alikuwa amefanya yote kwa mpangilio, mahali palepale, na kwamba mkono wake ulikuwa umeshika pale mkono wa mumewe uliposhika mara ya mwisho. Ishara ilipepesa, tik, tik, tik. Hakuizima.

Yeye na mama hawakuwahi kusimama hapa. Kila mara gari lilikuwa likisalimia likipita, na hapakuwa na haja.

Mama alishuka mwenyewe, bila kusaidiwa, kutoka kwenye gari lile refu, gauni limekusanywa mkononi. Alitembea hatua chache mbele, akasimama penye majani makavu na changarawe, mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote. Mshonaji akamfuata.

"Mmemtoa," mama akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayehesabu vikombe.

"Lilikuwa tairi, mama. Lilikuwa linagusa madigadi. Lingepasuka."

"Sikuuliza lilikuwa nini."

Upepo haukuwepo. Nyuma yao tik, tik iliendelea, wazi kabisa kupitia mlango uliobaki umefunguliwa.

"Alivuta breki?" mama akauliza. Tangu mazishi hakuwa ameuliza kitu kuhusu kifo kile.

"Alivuta."

"Na gari lilikuwa wapi? Katikati ya barabara?"

"Hapa hapa. Pembeni. Vizuri."

"Na hiyo?" Alielekeza kidevu kwenye taa iliyokuwa ikipepesa.

"Ilikuwa inawaka hivyohivyo. Walimkuta inawaka."

Mama aliitazama taa kwa muda mrefu, ikiwaka, ikizima, rangi yake hafifu katika jua la asubuhi. Midomo yake ilikuwa ikienda. Siku ile mwanawe alihisi kitu kinamjia, na kwa nguvu zilizobaki alitoa taarifa kwamba anatoka barabarani.

"Basi alikohoa," akasema. "Alikohoa kabla ya kuingia."

Akaigeukia ardhi ile tupu, akanyoosha mabega yake yasiyolingana.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akarudi garini. Hakupanda nyuma. Alifungua mlango wa mbele, kile kiti alichokuwa amekikataa, akakwea kwa kuguna, akaweka mkoba mapajani. "Njoo basi," akaita. "Yule muuguzi ataanza kusema nimekufa."

Mshonaji alibaki nyuma ya gari kidogo. Vumbi la mahali pale lilikuwa laini kama unga, na gari lilipotoka konani lilikuwa limeandika juu yake hadi liliposimama. Aliinama, kwa mazoea ya kazi, akakagua. Mistari ilikuwa miwili, safi, haina ukingo wa pili. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepita palepale lilipopita la mbele, na hakuna aliyekuwa akiwafuata.

Aliketi kwenye usukani, akashusha breki, akazima ishara. Kabla ya kuingia barabarani aliangalia kioo kidogo, kama mtu anavyopaswa. Kiti cha nyuma kilikuwa tupu. Akakitazama mara ya pili, ili kuwa na hakika, ndipo akaondoa gari.